Kupinga tathmini ya utendaji jeshini

Kupinga tathmini ya utendaji jeshini ni utaratibu ambao askari au afisa huutumia kuomba ripoti ya utendaji wake isahihishwe au ifutwe kwa sababu ina makosa, upendeleo au chuki. Ripoti hiyo huandikwa na mkuu wake wa karibu, mara nyingi kila mwaka, kisha hupitiwa na mkuu wa juu zaidi. Ndiyo inayosomwa wakati wa kupandisha vyeo na kuchagua watu wa kwenda kozi. Kwa kuwa katika majeshi mengi umri wa kustaafu hutegemea cheo, ripoti moja mbaya inaweza kumrudisha mtu uraiani miaka mingi kabla ya wenzake.

Ugumu wake

Mtumishi wa kiraia anayepunjwa ana njia kadhaa za kudai haki. Askari ana chache. Katika majeshi mengi hana chama cha wafanyakazi, hawezi kugoma, na aliyemwandikia ripoti ndiye anayempa amri kesho yake asubuhi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), wala askari wa Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa hiyo mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambao mfanyakazi wa kiwandani anaweza kuugonga, haupo kwa mwanajeshi. Malalamiko yake hupita ndani ya jeshi lenyewe, ngazi kwa ngazi.

Jambo la kwanza katika upingaji wowote ni kuiona ripoti. Katika utumishi wa umma wa Tanzania tathmini zilikuwa kwa muda mrefu taarifa za siri: mtumishi hakujua kilichoandikwa juu yake. Hali hiyo ilibadilika ulipoanzishwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi (MWAMTUKA) mwaka 2004, ambapo mtumishi na msimamizi wake walikubaliana malengo na kujaza fomu pamoja. Neno "wazi" katika jina hilo si pambo. Mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya maneno ambayo hajayasoma.

Maasi ya mwaka 1964

Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki wa malalamiko ya vyeo yaliyokosa njia ni maasi ya Tanganyika Rifles. Jeshi hilo lilirithiwa kutoka King's African Rifles (KAR), lililoundwa mwaka 1902. Miongoni mwa makabila yaliyotoa askari wengi wa KAR walikuwa Wayao, hasa wa upande wa Nyasaland. Makao yao yanafika hadi Tunduru na Nalasi, karibu na mto Ruvuma. Katika jeshi hilo Mwafrika angeweza kutumikia miaka ishirini bila kuvuka cheo cha sajini meja. Katika miaka ya 1950 waliwekewa cheo cha efendi, kilichokuwa juu ya sajini lakini chini ya afisa kamili.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, Waingereza waliendelea kushika nafasi nyingi za juu. Waliokuwa wakipima nani anafaa kuwa afisa ni maafisa haohao, na kipimo kikuu kilikuwa elimu ya shule. Vijana waliosoma walipelekwa mafunzo Uingereza, huku askari wazoefu wakibaki walipo. Mtu anaweza kukitetea kipimo hicho, kwani jeshi jipya lilihitaji maafisa waliosoma. Lakini askari wa zamani hawakuwa na mahali pa kuhoji walivyopimwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza katika kambi ya Colito (leo Lugalo), Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao. Walidai mshahara zaidi na kuondolewa kwa maafisa Waingereza. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, alikwenda kuzungumza nao. Siku iliyofuata kikosi cha Tabora kiliasi pia. Maasi yalizimwa tarehe 25 Januari na wanamaji wa Uingereza walioitwa na serikali ya Julius Nyerere. Kabla ya hapo yalikuwa yameenea hadi Jinja nchini Uganda na Lanet nchini Kenya. Viongozi wa maasi walifungwa, jeshi likavunjwa, na JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba 1964.

Namna ya kupinga

Taratibu hutofautiana, lakini mantiki yake inafanana. Makosa ya kiofisi, kama tarehe, cheo au jina la kikosi lililokosewa, husahihishwa kwa urahisi kwa kuonyesha hati. Makosa ya hukumu ni magumu. Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, ripoti iliyokwisha kupokelewa huchukuliwa kuwa sahihi, na anayepinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha vinginevyo. Ana miaka mitatu ya kukata rufaa. Kusema "mkuu wangu hanipendi" hakusaidii. Kinachosaidia ni amri zilizoandikwa, matokeo ya mazoezi, ripoti za awali, na maelezo ya mashahidi walioiona kazi yenyewe katika kipindi kinachobishaniwa. Shahidi aliyehamia kikosini baadaye hana uzito, hata akiwa jenerali.

Akishindwa, anaweza kwenda kwenye bodi ya kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, ambayo huamua kwa niaba ya waziri. Nchini Uingereza askari hutakiwa kulalamika ndani ya miezi mitatu, na tangu mwaka 2016 kuna msuluhishi maalumu aliye nje ya ngazi za amri. Yeye huchunguza kama lalamiko limeshughulikiwa kwa haki, lakini hatoi cheo.

Bodi ya Marekani hupokea pia maombi ya warithi, hivyo ripoti inaweza kusahihishwa hata baada ya mwenyewe kufariki.