Baiskeli Inapolala Ndani

Kasongo na Kabambare baiskeli hailali nje. Jua likizama huingizwa ndani, matope yakiwa yamekwanguliwa au la, ikaegemezwa ukutani kati ya gunia la mpunga na madumu ya mawese, na mara nyingi hulala chumba kimoja na mwenyewe. Inastahili heshima hiyo. Kati ya miji hiyo miwili ya kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo, kuna zaidi ya kilomita 100 hata ukizipima kwa rula kwenye ramani, na barabara ya huko haikuchorwa kwa rula. Karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe, mizigo ikiwa vichwani mwa watu. Leo mchele, karanga, chumvi, sabuni na mafuta vinasukumwa kwa velo, yaani baiskeli. Anayeibiwa velo amepoteza gari la mizigo, mtaji wa biashara na usafiri wa mgonjwa, vyote kwa usiku mmoja.

Kwa nini mwizi aache redio na sufuria akaitafuta baiskeli? Mwaka 1999 mtaalamu wa elimu ya uhalifu, Ronald Clarke, alijaribu kueleza ni vitu gani huibwa zaidi kuliko vingine. Akataja sifa sita: kinafichika, kinahamishika, kinapatikana, kina thamani, kinafurahisha na kinauzika upesi. Baiskeli ina karibu zote, lakini mbili ndizo nzito. Ya kwanza ni kuhamishika: mzigo wote mwingine mwizi lazima aubebe, ila baiskeli ndiyo inayombeba yeye. Kukipambazuka yuko vijiji vitatu mbele. Ya pili ni kuuzika, maana baiskeli inafumuliwa ikawa vipande, na rimu haina sura ya mtu.

Tuanze na nyumba yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo hesabu za wengi zinapokosewa. Mtu hununua komeo zito la mlango, akalipigilia misumari mirefu, akalala. Lakini usukani wa baiskeli ya mizigo una upana wa nusu mita na zaidi, na mwizi hatoboi tundu la kupitisha usukani. Hutoboa tundu la kupitisha mabega yake tu, au huchagua dirisha, kisha anaufungua mlango kwa ndani kistaarabu kabisa na kutoka na baiskeli. Komeo lile zito limefunguliwa na mtu aliye upande uleule wa mwenye nyumba. Unaweza kusema, basi nifunge mlango kwa kufuli hata kwa ndani. Usifanye hivyo. Nyumba yenye koroboi, jiko na paa la nyasi lazima ifunguke upesi moto ukizuka. Kufuli ni bora liifunge baiskeli, na mlango ubaki wa watu.

Sasa ukuta. Tofali bichi la udongo uliokauka ni imara kuliko linavyosifiwa. Linabeba paa miaka mingi. Nguvu yake inatoka kwenye chembe za udongo zilizo ndogo mno, na unyevu kidogo uliobaki katikati yake. Maji hayo machache hujivuta na kuzikaza chembe, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyogoma kubanduka. Ukiongeza maji mengi, nafasi zote zikajaa, mvuto huo unapotea na tofali linarudi kuwa tope. Wezi wamelijua jambo hili bila kupita maabara: kidumu cha maji, subira kidogo, na kipande cha chuma kinaingia ukutani bila kishindo. Ukuta wa fito na udongo ni hivyo hivyo, pengine ni rahisi zaidi.

Tofali la kuchoma lina tabia nyingine. Kuanzia nyuzi 500 hivi za Selsiasi na kuendelea, maji yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo hutoka na umbo la madini hubadilika. Hapo hakuna kurudi nyuma. Mwagia maji unavyotaka, halitakuwa tope tena. Asiye na uwezo wa kuijenga nyumba nzima kwa matofali ya kuchoma anaweza kupanga mistari ya chini tu, kufika kiunoni, pembeni mwa pale baiskeli inapolala. Mwizi anayechimba hupenda chini. Au anaweza kuongeza saruji kidogo kwenye udongo kabla ya kufyatua, kati ya asilimia 5 na 8, ambayo inatosha kulifanya tofali lisiyeyuke likimwagiwa maji.

Lakini kuna kitu kilichoko bure ndani ya kila nyumba ambacho mwizi hawezi kukibeba, nacho ni sakafu. Chimba shimo la kina cha sentimita 60. Chukua jiwe refu au kipande cha chuma chakavu chenye urefu wa nusu mita, kizungushie mnyororo katikati, kilaze chini ya shimo, kisha rudisha udongo kidogo kidogo huku ukiushindilia kila tabaka. Ncha ya mnyororo ibaki juu, ya kufungia baiskeli. Anayeuvuta mnyororo ule havuti jiwe peke yake, kwa sababu udongo hukatika kwa umbo linalopanuka kuelekea juu, na donge lote hilo lazima liinuke pamoja na jiwe. Nimepiga hesabu kwa pembe ya nyuzi 30 na udongo wa kilo 1,600 kwa mita ya ujazo: donge linafika kilo 400 hivi. Wanaume watatu hawaling'oi. Wanaweza kulichimbua, naam, ila wachimbe ndani ya nyumba ya watu, gizani, nusu saa nzima. Kuhusu gogo, wengi hulipenda kwa kuwa liko karibu, lakini chini ya ardhi ya Maniema gogo ni chakula cha mchwa, na siku utakayolihitaji utavuta unga.

Kinachofuata ni mnyororo na kadena, yaani kufuli. Hapa soko linatudanganya kwa unene na kung'aa. Waya uliovikwa plastiki ya rangi huonekana mnene, kumbe ndani ni nyuzi nyembamba ambazo koleo hukata moja baada ya nyingine. Mnyororo wa zamani wa baiskeli, ambao wengi huugeuza kamba ya kufungia, ni chuma kigumu lakini kila pini yake imeingizwa kwa kugongwa na hutoka kwa kugongwa. Fundi yeyote anaufumua kwa msumari na nyundo. Kilicho bora ni mnyororo wa pete zilizochomelewa.

Nguvu ya kukata chuma hufuata eneo la mkato, na eneo hukua haraka kuliko kipenyo. Pete ya milimita 12 haina nguvu maradufu ya ile ya milimita 6, ina mara nne. Zaidi ya unene kuna ugumu. Watengenezaji wa makufuli mazuri hupika kono lake ndani ya kaboni kwenye joto la nyuzi 900 hivi, saa kadhaa, kaboni ikapenya kwenye ngozi ya chuma kwa kina cha chini ya milimita moja au kuizidi kidogo, kisha hukitumbukiza kwenye maji au mafuta. Ngozi inakuwa ngumu hadi msumeno unateleza, huku kiini kikibaki laini kiasi cha kutovunjika kwa nyundo. Mhunzi anayekoleza makaa ya mti kuzunguka shoka anafanya kazi ya ukoo huohuo.

Utajuaje dukani? Nenda na tupa ndogo. Iguse kwenye kono la kufuli, mahali pasipoonekana, usukume mara moja. Tupa ikiuma na kuacha alama ing'aayo, msumeno nao utauma. Ikiteleza kwa mlio mwembamba, ngozi ni ngumu. Mwenye duka akikataa, hilo nalo ni jibu.

Ndani ya kufuli la kawaida mna pini zinazosukumwa na chemchemi, kila moja ikiwa na urefu wake; ufunguo sahihi huziinua zote zikalingana kwenye mstari mmoja, ndipo silinda izunguke. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli la mbao lenye wazo hilo, na Mmarekani Linus Yale mdogo akalitengeneza kwa chuma, likiwa dogo, na kulisajili miaka ya 1860. Wazo ni zuri, ila lina bei. Kufuli la pini nne zenye urefu wa aina tano linaweza kuwa na funguo tofauti 625, na kiwanda cha bei rahisi hutengeneza chache kuliko hizo. Sasa fikiria katoni moja iliyofika Kasongo ikauzwa mtaa mzima kutoka duka moja. Majirani walionunua kwenye katoni ile wanapaswa kukaa barazani siku moja na kujaribishiana funguo. Inachekesha hadi kufuli la mwenzako lifunguke.

Na tafadhali, kufuli lisipewe mawese. Mafuta haya huyeyuka kabisa kwenye nyuzi 35 hivi, kwa hiyo usiku wa kipupwe yanakuwa nusu mafuta nusu nta, yananasa vumbi, na kadiri yanavyoshikana na hewa ndivyo yanavyochacha na kugandamana. Pini zinakwama, mwenyewe anachoka kuzungusha ufunguo, anaanza kuliacha kufuli wazi. Kwangua risasi ya penseli, puliza unga wake ndani ya tundu la ufunguo. Grafiti ni matabaka yanayoteleza juu ya mengine na hayanasi vumbi kama mafuta.

Yote hayo yananunua dakika. Dakika hazina maana kama hakuna anayeamka, na usingizi una ratiba yake: ule mzito kabisa hujaa kwenye theluthi ya kwanza ya usiku, wakati mtu aliyesukuma mzigo kutwa hasikii hata mtoto akilia. Ongeza mvua kwenye mabati. Kelele ya mvua ina sauti za kila kimo, nyembamba na nene, hivyo hufunika karibu kila mlio mwingine, na mwizi mzoefu huisubiri kama mkulima anavyoisubiri.

Fizikia inatoa njia ya kuishinda mvua, nayo ni umbali. Kila umbali unapopungua nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6. Mkebe wenye kokoto uliofungwa kwenye baiskeli mita 8 kutoka kitandani, ukiuhamishia nusu mita kutoka sikioni, umepunguza umbali nusu mara nne: desibeli 24 zaidi, na hapo sijahesabu ukuta uliokuwa katikati. Kwa hiyo acha baiskeli ilale ilipo, mkebe ulete kichwani pa kitanda, na uvifunge kwa uzi wa kuvulia samaki. Baiskeli ikisogea, mkebe unaanguka. Gurudumu la mbele nalo unaweza kulifungua na kulala nalo chini ya kitanda. Kilo 20 hivi za chuma kisichoviringika si zawadi kwa mtu anayekimbia.

Je, tukiwatisha tu? Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, Daniel Nettle na wenzake walibandika picha za macho yanayokodoa juu ya maegesho matatu ya baiskeli, na mwaka 2012 wakachapisha matokeo. Wizi ulishuka kwa asilimia 62 mahali pale. Kwenye maegesho yasiyo na macho ulipanda kwa asilimia 65. Sehemu ya pili ya habari hii husahauliwa, nayo ndiyo inayohusu mitaa yetu. Nyumba moja ikijikaza, mwizi anaweza kugeukia ya jirani, kwa hiyo gharama ya mnyororo na zamu ya kuamka ni mambo ya kuzungumzwa na nyumba kadhaa kwa pamoja.

Tena kuna soko. Mahali penye wageni wengi na fedha za haraka, kama kwenye machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila, muuzaji asiyejulikana hamshangazi mtu. Wenye uwezo wa kumkwamisha ni mafundi, kwa maana baiskeli iliyoibwa, nzima au vipande, mwishowe hupita mikononi mwao. Fundi hawezi kutambua rimu isiyo na alama. Rangi hukwanguliwa kwa kisu, lakini alama iliyogongwa ni jambo lingine: pigo la chuma hubana fuwele zilizoko chini ya herufi, kwa kina kuliko jicho linavyoona. Mwizi akiisaga namba kwa tupa hadi fremu ikawa laini, mtaalamu wa maabara ya jinai huipaka mchanganyiko wa kloridi ya shaba na asidi, na chuma kilichobanwa huliwa tofauti na jirani yake. Namba inarudi juu.

Sitarajii mtu wa Kabambare apeleke fremu yake maabara. Natarajia aipindue leo, aoshe tope chini ya kasha la ekseli ya pedali, mahali namba inapogongwa mara nyingi, aweke karatasi juu yake na kusugua kwa penseli ileile ya kufuli. Herufi zitajichora zenyewe. Kisha agonge alama yake kwenye rimu zote mbili, keria na mhimili wa kiti, azichore kwenye karatasi hiyo, ampe fundi nakala. Karatasi yenyewe ikae kwa dada au kwa jirani, kwani mtu aliyeingia kwa tundu la ukuta hubeba na sanduku la hati.