Mkanda Ulioingilia Ndoa Yetu

Kama mwenzako anakuficha jambo, mpandishe Hamsini na Saba. Ndilo jina la barabara inayoacha njia kuu ya Mbeya–Iringa pale Chimala na kukwea mlima hadi Matamba, ukielekea Hifadhi ya Kitulo. Ina kona 57, na jina limetokana na hizo.

Tulipanda Februari, Kitulo ikiwa imejaa maua. Mume wangu hupiga picha za harusi wikiendi, na likizo kwake ni kupiga picha zaidi. Kila tulipoona mbuga za Usangu kule chini, gari lilisimama, naye akashuka na kamera shingoni. Kabla hatujafika nusu ya kona, kashanuna.

"Vipi, baba?"

"Hamna kitu."

Hiyo "hamna kitu" nilikuwa nimeishi nayo miezi. Kila Jumapili baada ya harusi, nikimgusa bega anakwepa. Nikajisemea, tayari, kuna mtu. Usinicheke, wewe ungewaza nini?

Usiku tukarudi kulala Chimala. Alipovua shati nikaona alama nyekundu shingoni, kama ya kamba. Kumbe mwizi wangu ni mkanda! Ule ule mwembamba uliokuja kwenye boksi la kamera. Kamera yake na lenzi ndefu ni kama kilo mbili na nusu, zinaning'inia shingoni kutwa nzima zikivuta kichwa mbele. Akakiri kwamba vidole navyo humfa ganzi. Hilo nilimpeleka kwa daktari, na wewe usilifanyie mzaha.

Nikachukua kanga yangu, nikamfunga kamera kimshazari kama mama anavyobeba mtoto: juu ya bega, chini ya kwapa la upande wa pili. Uso ukabadilika. Ni kwa sababu uzito ulitoka shingoni ukatandaa begani na mgongoni.

Sasa anavaa mkanda mpana wa mshazari wenye sponji begani, kamera ikikaa usawa wa nyonga. Tulianza na wa mpira unaovutika sana, tukajuta. Dukani ulikuwa mtamu, lakini ukitembea kamera inarukaruka na bega linalipia. Kwa hiyo nenda dukani na mzigo wako kamili, tembea nao hata dakika kumi, muuzaji anune akitaka. Kama mkanda unafungwa kwa skrubu chini ya kamera, ikaze kila mara na uongeze kamba ndogo ya usalama, maana skrubu hulegea kimyakimya. Lenzi nzito yenye mguu wake, funga kwenye huo mguu. Na safari ya kutembea mchana kutwa inataka begi la mgongoni lenye mkanda wa kiunoni, nyonga zibebe.

Jumapili iliyopita, baada ya harusi, nilimgusa bega. Hakukwepa. Ila sasa anadai stendi ya miguu mitatu nibebe mimi.