Kambi ya miaka saba: Hoteli ya ufukweni iliyomlea Luka Modrić

MUULIZE mchezaji yeyote aliyewahi kukaa kambini. Wiki ya kwanza hoteli ni tamu: kitanda kikubwa, kiyoyozi, bufee asubuhi. Wiki ya pili chakula kinaanza kufanana. Wiki ya tatu jamaa anajua mpaka nyufa za dari, na hata yule mkali wa mizaha kikosini anakuwa amenuna.

Sasa fikiria kambi ya takriban miaka saba. Haina posho, haina basi la timu, haina tarehe ya kuvunjwa. Baba, mama na watoto wamebanana hotelini, na nje ya mji mizinga inalia.

Kambi hiyo aliikaa Luka Modrić. Kabla ya Real Madrid, kabla ya Ballon d'Or, kabla ya lile pasi la nje ya mguu ambalo vijana wanalijaribu kila jioni mtaani na kuishia kupiga fensi, Modrić alikuwa mtoto wa hoteli. Tena siyo mtoto wa mwenye hoteli. Alikuwa mkimbizi.

Hoteli yenyewe ni Kolovare, iko Zadar, mji wa pwani wa Kroatia unaotazama Bahari ya Adriatic na visiwa vyake. Baadaye familia ilihamishiwa hoteli nyingine hapohapo Zadar, iitwayo Iž, jina ambalo pia ni la kisiwa kimoja kilicho mbele ya mji huo.

Ili kuelewa mtoto mchunga mbuzi alifikaje hotelini, lazima kwanza uzijue hoteli za pwani ile. Enzi za Yugoslavia, hasa miaka ya 1960 na 1970, serikali ilijenga hoteli kibao ufukweni na visiwani ili kuvuta watalii wa Ulaya Magharibi na pesa zao za kigeni. Nyingi zilifanana: zege tupu, ghorofa kadhaa, vyumba vidogo vyenye roshani, ukumbi mkubwa wa chakula na njia ya kushuka baharini. Ukiziona leo unajua tu hizi ni za zamani.

Ya kifahari kuliko zote ilikuwa kisiwani Krk, kaskazini zaidi ya Zadar, jirani na kijiji cha Malinska. Iliitwa Haludovo. Bob Guccione, Mmarekani mwenye jarida la Penthouse, aliingiza hapo dola milioni 45, na mwaka 1972 likafunguliwa kasino ndani ya nchi ya kijamaa! Hebu fikiria. Tatizo likawa moja: sheria haikuwaruhusu raia wa Yugoslavia kucheza kamari pale. Wageni wenye pesa peke yao hawakutosha, na ndani ya mwaka mmoja kasino likafilisika. Hoteli ikaendelea kupokea watalii bila kasino.

Halafu vita ikaja. Mwaka 1991 Kroatia ilijitangazia uhuru na mapigano yakasambaa. Watalii walikata mguu. Mamia kwa maelfu ya watu waliachwa bila makazi, huku pwani nzima ikiwa na vyumba vitupu. Ikafanyika hesabu rahisi tu: wakimbizi wakapelekwa hotelini. Haludovo ya kisiwani Krk ilipokea wake. Kolovare ya Zadar ilipokea wake, na miongoni mwao alikuwemo mtoto wa miaka sita, mwembamba, ana mpira.

Babu mwenye jina lake

Luka amezaliwa Septemba 9, 1985. Utotoni alikulia kitongoji cha Modrići, chini ya milima ya Velebit. Mama yake, Radojka, na baba yake, Stipe, walifanya kazi kiwanda cha nguo, hivyo muda mwingi mtoto alishinda kwa babu yake. Babu naye aliitwa Luka. Nyumba ya babu ilikuwa ya mawe, kando ya barabara ya mlimani. Ipo video ya zamani inayomwonyesha Modrić akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, amevaa koti zito, anaswaga mbuzi kwenye miamba. Ukiitazama utacheka, maana ni kama ameshaanza kupanga safu ya kiungo.

Desemba 1991, babu huyo aliuawa na wapiganaji wa Kiserbia karibu na nyumbani. Familia ikakimbia. Nyumba ikachomwa moto, na eneo lile likaja kutegwa mabomu ya ardhini. Hapakuwa na pa kurudi.

Stipe, ambaye alikuwa na ufundi wa ndege, alijiunga na jeshi la Kroatia. Radojka akabaki na watoto hotelini.

Watu wakisikia neno hoteli wanaona raha. Lakini chumba cha hoteli kilijengwa kwa mtu wa wiki mbili, anayekuja na begi moja na kurudi kwao. Hakina jiko. Hakina pa kuanika nguo za familia nzima. Ukiwa na watoto wawili, mmoja akilala na mwingine lazima anyamaze. Mama hawezi kuamua leo tule nini. Na ukitoka mlangoni uko kwenye korido ndefu yenye familia nyingine ishirini zinazosubiri kitu kilekile ambacho hakuna anayejua kitakuja lini.

Kwa mtoto, hata hivyo, korido ni uwanja. Na kama korido ni uwanja, basi pakingi ya Kolovare ilikuwa Bernabéu. Watalii hawapo, magari hayapo, lami ipo. Watoto wa wakimbizi walicheza hapo tangu asubuhi. Mji wa Zadar ulikuwa unapigwa makombora, king'ora kikilia mechi inavunjika, watoto wanakimbilia kwenye mahandaki, na kukitulia wanarudi kumalizia.

Kuna utani ambao umesimuliwa sana Zadar: kwamba vioo vya hoteli vilivyovunjwa na mpira wa Modrić ni vingi kuliko vilivyovunjwa na mabomu. Ni utani, lakini unaonyesha wafanyakazi wa hoteli walivyokuwa wanapata tabu naye.

Habari za dogo huyo asiyetulia zikamfikia Josip Bajlo, kocha wa NK Zadar. Aliambiwa kuna mtoto katika hoteli ya wakimbizi anapiga danadana koridoni kutwa nzima na usiku analala na mpira. Bajlo akamtazama, akamchukua. Mwaka 1992 Luka akaanza shule ya msingi na akademi ya michezo kwa pamoja. Asubuhi darasani, jioni mazoezini, usiku hotelini.

Mrembo wa Poljud alimkataa

Kwa mtoto wa pwani ya Dalmatia, ndoto ni Hajduk Split. Pale Zadar alikuwepo Tomislav Bašić, mwalimu wa vijana aliyemlea Modrić kama mwanaye kisoka, na aliamini dogo ana kitu. Modrić akaenda Hajduk kufanya majaribio. Jibu likawa lile ambalo vijana wengi wa hapa wanalijua kwa moyo: mdogo mno, mwepesi mno, hana mwili. Akarudi Zadar, akarudi hotelini.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa viwanja watalifurahia. Hajduk wanacheza Poljud, uwanja wenye paa lililojikunja kama chaza aliyefunguka, uliokamilika mwaka 1979 kwa ajili ya Michezo ya Mediterania. Wenyeji wanauita Mrembo wa Poljud. Mchoraji wake ni Boris Magaš. Na ni Magaš huyohuyo aliyechora ile hoteli ya Haludovo kisiwani Krk. Mtu mmoja alichora hoteli iliyokuja kuwahifadhi wakimbizi, na pia uwanja wa klabu iliyomwona mtoto wa wakimbizi hafai.

Kukataliwa kule nusura kumtoe kwenye reli. Bašić ndiye aliyembeba, akampeleka Dinamo Zagreb, mahasimu wakubwa wa Hajduk. Mpaka leo kule Split jambo hili halina mzaha.

Dinamo nao hawakumpa namba mezani. Mwaka 2003 walimtoa kwa mkopo Zrinjski Mostar ya Bosnia, ligi ya mabuti na mabega, viwanja ambavyo mwamuzi haoni kila kitu. Akiwa na miaka 18 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Msimu uliofuata akapelekwa Inter Zaprešić, tena kwa mkopo. Waliodhani mwili wake utavunjika hawakujua alikotokea.

Yaliyofuata kila mtu anayajua, tuyapitie haraka. Tottenham mwaka 2008. Real Madrid mwaka 2012, ambako miezi michache tu baadaye kura ya wasomaji wa gazeti la Marca ilimtaja kuwa usajili mbovu kuliko wote msimu ule. Wapiga kura wale sijui wamejificha wapi, maana jamaa aliondoka Madrid mwaka 2025 akiwa na mataji sita ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Akahamia AC Milan, timu aliyoipenda utotoni kwa sababu ya Zvonimir Boban, Mkroatia aliyekuwa akitamba pale.

Boban ndiye alikuwa nahodha wa Kroatia mwaka 1998, Kombe lao la Dunia la kwanza. Walimaliza nafasi ya tatu na Davor Šuker akawa mfungaji bora kwa mabao sita. Modrić alikuwa na miaka 12.

Miaka 20 baadaye, Urusi 2018, nahodha ni yeye. Kikosi kile kilikuwa na watoto wengine wa vita. Dejan Lovren alizaliwa Zenica, Bosnia, akakimbizwa Ujerumani akiwa mdogo. Mario Mandžukić naye familia yake iliondoka Slavonski Brod ikaenda Ujerumani. Kroatia ilicheza dakika 120 mara tatu mfululizo: Denmark, Urusi, England. Dhidi ya Denmark, Modrić alikosa penalti dakika za mwisho kabisa za nyongeza, Kasper Schmeichel akaidaka. Wengine wangejificha katikati ya uwanja matuta yalipoanza. Yeye akaenda tena, kipa yuleyule, akafunga.

Fainali walilala 4-2 kwa Ufaransa, lakini Mpira wa Dhahabu wa mashindano ulikuwa wake, na mwisho wa mwaka Ballon d'Or pia, ikiwa ni mara ya kwanza tangu 2007 kwenda kwa mtu asiyeitwa Messi wala Ronaldo. Qatar 2022, akiwa na miaka 37, akarudi na medali ya shaba baada ya kuifunga Morocco 2-1.

Hadithi hii haiko mbali na huku kwetu kama inavyoonekana. Eduardo Camavinga, aliyekaa naye chumba kimoja cha kubadilishia nguo pale Madrid, alizaliwa na wazazi wa Kikongo katika kambi ya wakimbizi Cabinda, Angola. Awer Mabil, aliyecheza Kombe la Dunia 2022 na Australia, alizaliwa kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, na huko ndiko alikoanzia kupiga mpira. Hao hawakupata hata hoteli.

Kolovare bado ipo na bado inapokea wageni. Watalii wanalipia kuoga bahari ileile, na pakingi imerudia kazi yake ya kuegesha magari. Haludovo yenyewe imekufa. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, vioo vimevunjika, bwawa ni kavu, na wanaokwenda huko siku hizi ni wapiga picha wa magofu.

Katika orodha ndefu ya mikataba ya Modrić, kuna mmoja ambao hautajwi sana. Mwaka 2005, baada ya kurudi kutoka kwenye mikopo, Dinamo walimpa mkataba wa miaka 10, wa kwanza wa muda mrefu maishani mwake. Alikuwa na miaka 19, anaelekea 20. Kwa pesa ya mkataba ule alinunua nyumba Zadar, akawapa wazazi na dada zake.