Kiboko wa uzi: zawadi ndogo kati ya mgeni na mwenyeji



Mara nyingi tunaandika juu ya mikutano ya amani, mashamba, na ugomvi wa kisimani. Safari hii tunawaletea jambo dogo linaloenea katika kiganja: mnyama wa uzi, aliyefumwa kwa kroshe na kujazwa vipande vya nguo. Wengine watauliza: "Watu wana njaa, nanyi mnatuletea vitu vya kuchezea watoto?" Swali hilo ni la haki, na tutalijibu bila kuzunguka.

Kwa nini tuseme juu ya zawadi?

Kamina ni njia panda ya reli. Njia inayotoka Lubumbashi hugawanyika hapa: moja huenda Kasai mpaka Ilebo, nyingine huenda Kabalo, na kutoka Kabalo mpaka Kindu na Kalemie. Kwa hiyo msukosuko wa mbali hufika kwetu upesi. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai waliofukuzwa Katanga walipita hapa kwa treni. Mwaka 2005 na 2006, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai upande wa Mitwaba, Pweto na Malemba-Nkulu yaliwatoa watu zaidi ya laki moja majumbani mwao. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamwina Nsapu viliwakimbiza watu wapata milioni 1.4 katika Kasai, na wakati uleule Waluba na Watwa wa Tanganyika walikuwa wakichomeana vijiji. Mwaka 2024 hesabu ya wakimbizi wa ndani katika nchi yetu nzima ilipita milioni 7.

Wakimbizi wa ndani wengi wa Kongo hawaishi kambini. Wanapokelewa na ndugu, na waumini wa kanisa moja, au na mtu asiyewajua kabisa aliyewaonea huruma. Mwenyeji anagawa nyumba, chungu na shamba. Miezi ya kwanza inapita vizuri, kisha uchovu unaanza. Mwenyeji anahesabu unga. Mgeni anaona haya kula. Watoto wanatupiana maneno: "Ninyi wakimbizi, rudini kwenu." Maneno ya watoto yanaingia midomoni mwa wakubwa, na ugomvi wa ndoo moja ya maji unakuwa ugomvi wa kabila.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa ukali. Walijua kwamba mtu anayepokea tu, bila kutoa, anapungua machoni pake mwenyewe na machoni pa mwenyeji. Lakini mkimbizi wa ndani mara nyingi hana shamba la kulimia kwa jembe hilo. Atatoa nini? Mikono yake anayo. Mama aliyekimbia akiwa na kitambaa kimoja tu kiunoni bado ana ufundi wake. Akimfumia mtoto wa mwenyeji wake kiboko mdogo, siku hiyo yeye ni mtoaji. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la kwanza: mnyama wa uzi hashibishi tumbo, lakini anarudisha heshima, na nyumba yenye heshima hugawana hata chakula kidogo bila matusi.

Kazi hii si ngeni duniani

Katika njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, watawa na akina mama wengine waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi kwa kroshe. Lesi hizo ziliuzwa, na familia nyingi zilipata chakula kwa njia hiyo.

Karibu nasi, huko Njoro katika Bonde la Ufa la Kenya, kikundi cha Kenana Knitters kilianza mwaka 1998. Akina mama wa vijijini husokota sufu ya kondoo, huitia rangi za mimea, na kufuma wanyama kwa sindano mbili. Eneo la Njoro liliguswa na vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Huko Marekani, tangu mwaka 2003, Mother Bear Project hukusanya dubu waliofumwa kwa mkono na watu wa kujitolea, na kuwapeleka kwa watoto walioathiriwa na UKIMWI, wengi wao wakiwa Afrika. Wajapani nao wana jina maalum kwa wanyama hawa wa uzi: amigurumi.

Tujifunze kwa wote, lakini tusijidanganye. Lesi ya Ireland na wanyama wa Njoro walikuwa na wanunuzi na njia ya kuwafikia. Kamina, mzazi anayetafuta karo ya shule hatanunua kiboko wa uzi. Asikopeshwe mtu fedha za kununua sufu kwa ahadi ya soko ambalo halipo. Tuanze na zawadi. Soko likija, lije baadaye.

Vifaa visivyo na gharama

Kroshe. Chukua njiti ya gurudumu la baiskeli iliyokatika. Kata urefu wa sentimita 15 hivi. Piga ncha moja kwa nyundo mpaka ilale, kisha uchonge mdomo wa kulabu kwa tupa. Isugue kwa jiwe laini mpaka isikwaruze uzi. Wakubwa wanakumbuka kwamba katika miaka ya 2000 shirika la PAREC liliwapa baiskeli watu wa Katanga waliorudisha bunduki. Baiskeli imekwisha kufanya kazi ya amani katika nchi hii. Njiti yake nayo iendelee.

Uzi. Tafuta sweta kuukuu sokoni na uifumue. Kabla ya kununua, igeuze na utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa mashine imekata kingo na kuzishona kwa pamoja, utapata vipande vifupi tu, iache. Ikiwa vipande viwili vimeungwa kwa uzi mmoja unaofumuka, ichukue. Fua uzi ulioufumua, uutundike ukiwa na uzito mdogo chini ili unyooke.

Vya kujazia. Omba kwa fundi cherehani vipande anavyotupa, uvikate vidogo sana. Pamba au sufi ya mti pia inafaa. Usijaze mahindi, maharagwe wala mchele: ni chakula, huleta panya, na wakati wa mvua huoza.

Namna ya kumfuma kiboko

Tumemchagua kiboko kwa sababu mwili wake ni wa mviringo na ni rahisi kwa anayeanza. Tena watoto waliotoka kwenye maziwa ya Upemba wanamjua.

Kitanzi tunachotumia ni kimoja: ingiza kroshe katika kitanzi cha chini, vuta uzi upite, sasa una vitanzi viwili juu ya kroshe, zungusha uzi tena na uuvute upite vyote viwili. Kuongeza ni kufuma mara mbili katika kitanzi kimoja. Kupunguza ni kufunga vitanzi viwili viwe kimoja. Fuma kwa kubana, ili vilivyo ndani visitokeze.

Mwili:
Mzunguko wa 1: vitanzi 6 katika duara la uzi, kaza duara.
Mzunguko wa 2: ongeza katika kila kitanzi (12).
Mzunguko wa 3: ongeza katika kila kitanzi cha pili (18).
Mzunguko wa 4: ongeza katika kila kitanzi cha tatu (24).
Mzunguko wa 5: ongeza katika kila kitanzi cha nne (30).
Mzunguko wa 6 mpaka wa 15: fuma bila kuongeza (30).
Mzunguko wa 16: fuma 3, funga 2, rudia (24).
Mzunguko wa 17: fuma 2, funga 2, rudia (18). Sasa jaza.
Mzunguko wa 18: fuma 1, funga 2, rudia (12).
Mzunguko wa 19: funga mbilimbili (6). Kaza na ufiche uzi ndani.

Kichwa: fanya mizunguko 4 ya kwanza kama mwili, kisha mizunguko 6 bila kuongeza, kisha punguza mpaka 18. Jaza na ukishone mbele ya mwili.

Miguu minne: mizunguko 2 ya kwanza, kisha mizunguko 3 bila kuongeza. Jaza, shona.

Masikio mawili: vitanzi 6 katika duara, kaza. Mkia: mnyororo wa vitanzi 6.

Ukitaka tembo, ongeza mkonga: vitanzi 6 katika duara, kisha mizunguko 10 bila kuongeza, na masikio yafike mzunguko wa 3. Ukitaka punda milia kama wale wa Hifadhi ya Upemba, badilisha uzi mweusi na mweupe kila baada ya mizunguko miwili.

Macho yashonwe kwa uzi mweusi. Usitumie vifungo wala shanga: mtoto mchanga huving'oa na kuvimeza, na vinaweza kumziba pumzi. Vuta kila mguu kwa nguvu kabla ya kutoa zawadi. Ukimfua, mkaushe juani mpaka ndani.

Mambo ya kuangalia katika nchi yetu

Kwanza, fuma wanyama, usifume watu. Katika nchi ya Waluba, sanamu ndogo ya mtu inaweza kukumbusha mikisi, na jirani akaogopa kwamba mgeni ameleta dawa nyumbani. Tunajua pia kwamba katika Kongo kuna watoto wanaosingiziwa uchawi. Zawadi isiwe chanzo cha balaa hilo.

Pili, chagua mnyama kwa busara. Bundi na nyoka huleta hofu kwa wengi. Mamba atamtisha mtoto aliyekaa karibu na maji ambako mamba wamewaua watu. Chui ni alama ya uchifu. Waulizeni wazee kwanza. Muulizeni pia mzazi kama familia ina mnyama wa mwiko.

Tatu, fanyeni kazi waziwazi: chini ya mwembe, uwanjani mwa kanisa au shule, mchana. Apitaye aone kinachotiwa ndani. Chifu wa mtaa apewe habari mapema, asisikie kwa watu.

Nani afume, na nani apewe?

Hapa ndipo kazi nzuri inaweza kuharibika. Tukiwafundisha wakimbizi wa ndani peke yao, wenyeji watasema: "Sisi tuliowapokea tumesahauliwa." Tukiwapa watoto wa wakimbizi peke yao, mtoto wa jirani atamnyang'anya mwenzake kiboko, na wazazi watagombana. Msaada unaoleta wivu umekwisha kuwa upande wa vita.

Kwa hiyo kikundi kiwe nusu wageni, nusu wenyeji. Watu 10 au 12 wanatosha. Wakae mmoja mmoja kwa kuchanganyika: mgeni kando ya mwenyeji, kila wawili na kroshe moja ya ziada. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hulegea. Mtu ambaye hawezi kusimama mkutanoni na kueleza yaliyompata, anaweza kuyasema polepole akihesabu vitanzi. Asilazimishwe. Akinyamaza, anyamaze.

Wanaume na vijana wasifukuzwe. Wanaweza kuchonga kroshe kwa njiti, na anayetaka kufuma afume.

Zawadi zitolewe nyumba kwa nyumba, mgeni kwa mwenyeji na mwenyeji kwa mgeni. Msiwapange watoto mstari mbele ya kamera. Watoto wote wa nyumba wapate; ikiwa wanyama hawatoshi, subirini mpaka watoshe. Na mtoto asiambiwe, "Ukimpenda mnyama huyu, wasamehe waliomuua baba yako." Mtoto achezeshe mnyama wake tu.

Yale ambayo mnyama wa uzi hawezi kufanya

Harudishi shamba lililochukuliwa. Hafungi kesi ya mauaji. Hiyo ni kazi ya mahakama. Haponyi mtoto ambaye halali usiku, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au aliyeacha kusema. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, na mzazi aendelee kukaa karibu naye. Viongozi wasihesabu vitu vya kuchezea vilivyogawiwa na kuviita amani. Amani itaonekana mahali pengine: je, watoto wanateka maji kwa zamu bila matusi? Je, mama mwenyeji na mama mgeni wanaazimana sufuria? Je, familia iliyotaka kumfukuza mgeni wake imempa muda mpaka mavuno?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, wageni wametupa nini ambacho hatujakihesabu?
2. Watoto wetu wanaitana majina gani kisimani, na majina hayo waliyasikia kwa nani?
3. Ni ufundi gani mwingine walio nao waliofika: kusuka mikeka, kufinyanga, kutengeneza nyavu? Nani angependa kujifunza kwao?
4. Tukianza kikundi, nani ataona ameachwa nje, nasi tutamwita namna gani?

Ndugu zetu, kutoa ni moyo, si utajiri. Njiti iliyokatika iko nyuma ya nyumba ya kila mwenye baiskeli, na sweta iliyotoboka iko katika kila mtaa. Jumapili hii mkitoka kanisani, mgeni mmoja na mwenyeji mmoja wakae pamoja na waanze na vitanzi 6 vya kwanza.