Kila Chuma na Kufu Yake

WAZEE wetu wa pwani hawakuwa wakiozesha bila ya kuuliza. Kijana akipeleka posa, jamaa wa upande wa pili hutaka kwanza kujua ukoo wake, tabia zake na kazi yake, na suali lililokuwa likirudi katika vikao hivyo lilikuwa moja tu: je, ni kufu? Huenda kijana akawa mwema na binti akawa mwema, lakini wakiwa si kufu nyumba yao haisimami, wala lawama isiwe ya yeyote kati yao.

Nililikumbuka suali hilo hivi karibuni mahali ambapo sikulitarajia kabisa. Nilikuwa nimeketi barazani baada ya sala ya isha, katika Mji wa Kale hapa Mombasa, mara akaja kijana wa jirani amekumbatia boksi, na uso umemwiva kwa hasira.

"Salaam alaykum, ami."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Una nini?"

"Nimeibiwa, ami. Kesho nitamtangaza yule muuzaji mji mzima."

Ndani ya boksi mlikuwa na vyuma vya kompyuta. Kijana huyu alikuwa amekusanya vipuri kimoja kimoja kwa miezi sita ili ajiundie kompyuta ya michezo, ile ya mpira na ya mbio za magari ambayo yeye na wenzake hushindana. Fedha nyingine alizipata kwa vibarua, na nyingine alipewa na mamake zamu ya chama ilipomfikia. Sasa amefunga kila kitu mahali pake, feni zazunguka, taa zawaka, lakini skrini ni nyeusi ti.

Nikamuuliza amenunua nini. Akasema prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ni Intel Core i5-8400, na mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vipuri vyote, ni ya aina ya H110. Kimoja amekinunua duka hili na cha pili duka lile.

"Vyote viwili ni 1151, ami. Nimeuliza mara mbili. Huyu wa prosesa ameniuzia mbovu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyemwibia.

SOKETI MOJA, UKOO MBALIMBALI

Prosesa hukaa katika soketi, na kila soketi ina jina lake. Ile ya LGA1151 ina sindano 1,151. Intel ilianza kuitumia mwaka 2015 kwa prosesa za kizazi cha sita, kisha ikaendelea nayo kwa kizazi cha saba. Mwishoni mwa mwaka 2017 kilipokuja kizazi cha nane, ambacho ndicho cha i5-8400, umbo la soketi lilibaki lile lile, lakini kazi za baadhi ya sindano zilibadilishwa ili prosesa mpya ipate umeme zaidi. Kizazi cha nane na cha tisa vikatakiwa viwe na mazabodi za ukoo wa 300, kama vile Z370, B360 na H310. Nayo H110 ni ya ukoo wa 100, wa tangu mwaka 2015.

Basi prosesa ya kijana iliingia sawasawa bila ya kulazimishwa, na kifuniko kikafunga. Umbo lilikubali, ukoo ukakataa. Muuzaji wa prosesa alisema kweli aliposema 1151, na wa mazabodi pia alisema kweli. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza suali la pili.

Wapenzi wasomaji, vijana wetu wengi siku hizi wamo katika shughuli hii. Wako wanaochezea michezo, na wako ambao mashine hiyo hiyo huwapatia riziki kwa kukata filamu za harusi na kuchora matangazo. Wengi wana fedha za kubana, na mwenye fedha za kubana hana ruhusa ya kukosea mara mbili. Ndiyo maana nataka leo tupitie yale masuali ya posa, moja baada ya jingine, kabla ya shilingi kutoka mfukoni.

MASUALI YA POSA

Suali la kwanza ni hilo la prosesa na mazabodi. Usiishie kwenye jina la soketi. Ingia katika tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi, utakuta orodha ya prosesa zote inazozikubali. Kama yako haimo, usinunue, hata ukiapiwa.

Katika orodha hiyo utaona pia nambari ya BIOS. Hii ni programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi, nayo ndiye mshenga anayewajulisha wawili hawa. Mazabodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa kuzaliwa haiwezi kuijua mpaka BIOS yake isasishwe. Mathalan, mazabodi za B450 za AMD zilitoka mwaka 2018, na prosesa ya Ryzen 5 5600 ikatoka mwaka 2022. Wanaoana vyema, lakini mazabodi iliyokaa rafuni tangu zamani yahitaji kwanza BIOS mpya. Mwombe muuzaji akufanyie kazi hiyo mbele yako.

Suali la pili ni la kumbukumbu ya RAM. DDR4 na DDR5 zina urefu mmoja, na zote zina miguu 288, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja, na umeme wake ni tofauti. Usilazimishe, utavunja. Soketi ya AM4 ya AMD hutumia DDR4, na AM5 iliyotoka mwaka 2022 hutumia DDR5 peke yake. Soketi ya LGA1700 ya Intel ndiyo yenye mtego, kwani ziko mazabodi zake za DDR4 na ziko za DDR5. Soma jina lote hadi mwisho. Na ununuapo, vipande viwili vya GB 8 huipa kompyuta kasi zaidi kuliko kipande kimoja cha GB 16.

Suali la tatu, picha itatoka wapi? Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F, hazitoi picha zenyewe, wala Ryzen 5 5600 haitoi. Hizo ni lazima zipate kadi ya picha. Kijana ambaye hana fedha za kadi leo na aitazame Ryzen 5 5600G, ambayo ina picha ndani yake. Atacheza michezo myepesi kwa sasa, na siku Mungu akimfungulia ataongeza kadi.

Suali la nne ni diski. Zile SSD nyembamba za M.2 hufanana kama pacha, lakini nyingine ni za SATA na nyingine ni za NVMe. Ziko mazabodi zinazokubali moja na kukataa ya pili, na nyingi za zamani hazina nafasi ya M.2 kabisa.

Suali la tano ni la kasha. Mazabodi ya ATX ni sentimita 30.5 kwa 24.4, na ya micro-ATX ni 24.4 kwa 24.4. Ndogo hukaa katika kasha kubwa, kubwa haikai katika dogo. Kadi ya picha nayo pimeni urefu wake, na kipozea prosesa pimeni kimo chake, kama vile fundi seremala apimavyo mlango kabla ya kuleta kabati.

HAPA USIBANE FEDHA

Nimeliacha nyuma suali la umeme kwa sababu ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Vijana hununua kadi kubwa, kisha pawasaplai wakaokota yoyote iliyobaki. Huko ni kuitia ngalawa mashine ya meli.

Tuchukue mfano wa kompyuta ya bei ya wastani: Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450 au B550, RAM ya DDR4 GB 16, na kadi ya Radeon RX 6600 yenye GB 8. Kadi hiyo hula wati 132. Prosesa, ambayo huandikwa wati 65, hupanda hadi kama wati 76. Vilivyobaki, yaani mazabodi, RAM, diski na feni, tuvihesabie wati 50. Jumla ni kama wati 260. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 au 550 yatosha na kubakisha. Nasema ya kweli, kwani ziko nyepesi kama boksi tupu zenye kibandiko cha wati 600 ambacho ni cha uongo. Tafuta ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, na uhakikishe ina waya wa miguu minane wa kadi ya picha. Waya wa miguu minane wa prosesa si huo, ingawa wafanana.

Na kama pawasaplai ni ya nyaya za kuchomoka, usitumie nyaya za pawasaplai nyingine hata zikiingia sawasawa. Huenda mpangilio wa ndani ukawa mwingine, na kila kitu kikaungua kwa dakika moja. Vivyo hivyo pawasaplai za zamani zenye swichi ya 115 na 230 nyuma yake. Ikiwa imetoka Marekani imewekwa 115, nawe ukaichomeka katika stima yetu ya volti 240, utasikia mshindo.

Wako pia wanaonunua kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, kisha wakataka kuzitia kadi. Si njia mbaya kwa mwenye kidogo. Lakini nyingi zake ni nyembamba, na pawasaplai zake zina wati chache na nyaya za kipekee. Hizo kufu yake ni kadi fupi isiyohitaji waya wa umeme, kwani nafasi ya kadi katika mazabodi hutoa hadi wati 75. Baadhi ya kadi za GTX 1650, ambazo zilitoka mwaka 2019, ni za namna hiyo.

Panapofaa kubana fedha ni kwenye kasha, taa za rangi, na upya wa mitindo. Kasha liwe la kawaida, maadamu mbele lina matundu ya kupitisha upepo, maana joto la kaskazi hapa Mombasa halina huruma. Kadi ya mkono wa pili yafaa ukiiona ikifanya kazi kwa macho yako, mchezo ukichezwa kwa nusu saa, na mkiwa mmepatana juu ya kurudisha kabla ya fedha kuhesabiwa. Wala usione haya kununua soketi ya AM4 kwa kuwa AM5 imekuja. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

ASUBUHI YA PILI

Asubuhi nilifuatana na kijana hadi kwa yule muuzaji aliyetaka kumtangaza. Tulimweleza kwa upole, naye akaitoa mazabodi ya H310 iliyokuwa juu ya meza yake, akaipachika prosesa. Skrini ikawaka pale pale. Kijana akainamisha kichwa. Lau ningekuwa sipo barazani usiku ule, jina la mtu mwaminifu lingalichafuliwa, na jina la mfanyabiashara likichafuka halisafishwi kwa sabuni.

Kisha tukaenda kwa muuzaji wa mazabodi. Alikubali kuirudisha H110 kwa kukata kidogo, akatoa H310 kwa nyongeza. Hasara haikuwa kubwa, lakini ilikuwa fedha ya vibarua vya siku kadhaa.

Jioni kompyuta ilikuwa ikifanya kazi, na watoto wa mtaa wamejaa chumbani. Mamake alisimama mlangoni akatazama. Yeye hajui soketi wala hajui BIOS. Akamsikiliza mwanawe akieleza kisa chote mpaka mwisho, kisha akamuuliza neno moja tu.

"Kwani, mwanangu, hukuuliza ukoo kwanza?"