TAIRI ZA PIKAPU YA KIKUNDI: TUCHAGUE KWA NJIA TUNAYOPITA



Katika toleo hili tumeamua kuzungumza juu ya tairi. Huenda mtu akauliza, tairi na maendeleo ya jumuiya vina uhusiano gani? Vina uhusiano mkubwa. Kuanzia Othaya na Mukurweini hadi Karatina, Kieni na Nanyuki, kuna vikundi vingi na jamaa nyingi zinazotegemea pikapu moja. Ndiyo inayopeleka maziwa asubuhi, kabeji na viazi sokoni, kahawa kiwandani. Usiku wa manane mama akishikwa na uchungu, ndiyo inayomfikisha Hospitali ya Consolata Mathari au ile ya Karatina. Ikikwama kwa matope, maziwa yanaharibika. Ikishindwa kusimama kwenye lami yenye maji, hapo tunazungumza juu ya maisha ya watu.

Tena tairi ni ghali. Kile kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza tairi za Firestone, na baadaye Yana, kilifungwa mwaka 2016. Tairi mpya tunazouziwa sasa hutoka nchi za nje, na shilingi yetu ikishuka, bei inapanda. Kikundi kikikosea kuchagua, ni mfuko wa wanachama unaoumia.

Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama ambacho pikapu yao hupeleka mboga na maziwa mjini siku sita kwa wiki. Walipokwama mara mbili wakati wa mvua, muuzaji mmoja aliwashauri wanunue tairi za matope, zile zenye meno marefu karibu kama ya trekta. Kweli hawakukwama tena. Lakini gari ilianza kulia barabarani kama mashine ya posho, na mafuta yakawa yanaisha haraka. Siku moja ya manyunyu dereva alikuwa akirudi bila mzigo. Kwenye kona ya lami nyuma ya gari iliteleza, ikazunguka mpaka ikaangalia ilikotoka. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Mwaka wa pili haukuisha kabla ya yale meno kulika, na akina mama wakachota pesa walizokuwa wamewekea karo ya watoto ili kununua nyingine. Tairi zile hazikuwa mbaya. Zilikuwa za kazi nyingine.

HESABU KILOMITA KABLA YA KUHESABU PESA

Wengi wetu huchagua tairi kwa kukumbuka ile siku mbaya tuliyokwama. Ni vizuri kuikumbuka, lakini tairi hulika kila siku, si siku ile tu. Kwa hiyo kwanza chukueni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa muda wa wiki mbili dereva aandike kila safari: kilomita ngapi za lami, ngapi za changarawe, na ngapi za udongo mtupu. Tuseme pikapu inatoka shambani kilomita 8 za udongo, kisha inaingia kwenye lami kilomita 40 hadi sokoni. Kwenda na kurudi ni kilomita 96. Kati ya hizo, za udongo ni 16 tu, yaani sehemu moja kwa sita. Tena hizo 16 huwa na matope wakati wa mvua ya njahi, Machi hadi Mei, na ile ya mwere, Oktoba hadi Desemba. Miezi mingine ni vumbi. Ukiona hivyo utajua kwamba gari hii ni ya lami inayopita matope, wala si gari ya matope.

Ulizeni pia juu ya barabara yenyewe. Njia nyingi za vijijini zimewekwa lami miaka hii, na nyingine zimeanzwa zikaachwa katikati. Tairi iliyomfaa baba yako huko juu karibu na msitu miaka 20 iliyopita huenda isikufae leo.

AINA TATU ZA TAIRI

Ubavuni mwa tairi, au katika jina lake, mara nyingi utaona herufi hizi:

1. H/T. Hii ni ya barabara. Meno yake yamekaribiana na mifereji ni myembamba. Haina kelele, haili mafuta mengi, inashika lami vizuri hata yenye maji. Kwenye matope mifereji hujaa udongo mara moja, na tairi inakuwa laini kama chapati.

2. A/T. Hii ni ya kila njia. Meno ni makubwa kidogo na mifereji ni mipana. Ndani ya aina hii kuna za upole na kuna kali. Zile kali zina meno yaliyoachana zaidi, na mengine yameshuka mpaka kwenye bega la tairi ili yaume ukingo wa matope.

3. M/T. Hii ni ya matope. Meno ni marefu na yameachana sana. Tairi ikizunguka, udongo unarushwa nje na meno yanapata kuuma tena. Hiyo ndiyo siri yake. Lakini kwenye lami, raba inayogusa barabara ni kidogo. Kwa hiyo gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama wakati wa mvua, na meno hulika upesi.

Kuna pia alama ya M+S. Wauzaji hupenda kuionyesha. Maana yake ni matope na theluji, lakini utaipata hata kwenye tairi za upole sana. Usinunue kwa alama hiyo peke yake. Tazama meno kwa macho yako.

Kwa pikapu kama ile ya mfano wetu, A/T ya upole inatosha. Kama nusu ya safari zako au zaidi ni udongo wenye milima, kama kule kwenye majani chai upande wa Chinga au Gathuthi, A/T kali ina haki yake. M/T tuwaachie wale ambao gari yao inashinda msituni na shambani na kuona lami mara chache.

UDONGO WETU SI MMOJA

Kwenye miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya tuna udongo mwekundu. Ukilowa unateleza kama sabuni, lakini chini kidogo mara nyingi kuna sehemu ngumu. Hapo tairi nyembamba yenye meno husaidia, kwa sababu inakata utelezi na kufika pagumu. Vijana wetu hupenda tairi pana kwa sababu zinapendeza. Kwa utelezi wa juu namna hii, upana unaweza kuifanya tairi ielee juu ya tope bila kuuma.

Ukishuka Mwea, au ukienda sehemu za Laikipia, unakuta udongo mweusi unaonata. Huo hauna haraka ya kukuonyesha pagumu. Ukizama umezama. Huko hata meno makali hayatoshi, na busara ni kungoja njia ikauke au kuzunguka. Kieni nako kuna njia za mawe makali, na adui wa tairi hapo ni kukatwa ubavu. Tafuta tairi yenye ubavu mgumu.

MZIGO: SOMA NAMBA

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, na ndipo watu wengi hawaangalii. Tairi yenye meno ya kutisha inaweza kuwa na ubavu dhaifu. Chukua mfano wa tairi iliyoandikwa 195R14C 106/104. Hiyo C inaonyesha kwamba ni ya gari la kubeba mizigo. Namba 106 maana yake tairi moja inaweza kubeba kilo 950. Namba 104 ni kilo 900, kwa magari yenye tairi mbili mbili kila upande nyuma. Tairi ya gari dogo yenye namba 91 hubeba kilo 615 tu.

Sasa fikiria pikapu iliyobeba viazi kilo 1,000. Sehemu kubwa ya mzigo huo imekaa juu ya tairi mbili za nyuma, juu ya uzito wa gari yenyewe. Ukifunga tairi ya gari dogo kwa sababu inaingia kwenye rimu na bei ni nafuu, umeifunga ipasuke. Namba ya mzigo isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye bamba la mlango wa dereva.

Usibadilishe saizi ovyo pia. Tairi ndefu kuliko ile ya kiwanda hufanya gari iwe nzito kupanda mlima, na mita ya mwendo inakudanganya: unakwenda mbio kuliko inavyosema.

USICHANGANYE BILA KUFIKIRI

Pikapu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kwa hiyo watu hufunga meno makali nyuma na tairi za barabara mbele. Kwenye matope inasaidia. Kwenye lami yenye maji, gari ikiwa tupu, nyuma ni nyepesi na meno hayashiki vizuri. Ndiyo yaliyompata yule dereva wa akina mama. Ni salama zaidi tairi zote nne ziwe za aina moja. Kama pesa zinatosha mbili tu, hakikisha zile za nyuma hazishiki lami vibaya kuliko za mbele.

Wenye gari inayosukumwa na magurudumu yote manne wasichanganye kabisa. Tairi zikitofautiana kimo, gia na difu zinashindana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinaharibika.

RAHISI HUWA GHALI

Tazama umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne. Ukiona 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikikaa dukani, hasa ikianikwa juani. Ikipita miaka 6 fundi aikague kila mwaka. Ikifika 10 itolewe, hata kama meno bado yapo.

Tairi zilizochongwa meno kwa kisu ziepukeni kabisa. Yule anayechonga haongezi raba, anapunguza ile iliyobaki juu ya waya. Tairi kipara iliyochongwa ni kipara iliyovaa kofia. Na mitumba, hata ikiwa na meno mazuri, ikaguliwe ndani, maana viraka na mipasuko ya ubavu hufichwa huko.

KUITUNZA

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi zikiwa baridi, kufuatana na mzigo wa siku hiyo. Upepo mdogo na mzigo mzito huchemsha tairi mpaka ipasuke. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000 tairi zibadilishane nafasi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya raba. Meno yakilika mpaka kulingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi imekwisha. Kwa njia za matope usingoje kufika hapo.

Na kwa ile siku mbaya, kuna msaada wa bei ndogo kuliko tairi za matope: cheni za kufunga magurudumu ya nyuma, jembe, kamba imara na mbao mbili. Cheni zifungwe kabla ya kukwama, mwendo uwe wa polepole, na zitolewe mara ukifika kwenye lami. Gari ikianza kuzama, dereva asikanyage mafuta kwa hasira. Anachimba kaburi la gari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pikapu yetu inapita kilomita ngapi za lami na ngapi za udongo kwa wiki? Nani ataandika?
2. Namba ya mzigo kwenye tairi zetu za sasa ni ngapi? Je, inalingana na mzigo tunaobeba kweli, pamoja na watu tunaowapakia juu yake?
3. Tunaweka akiba kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya tairi, ili tusiguse pesa za karo?
4. Ni nani anayeamua tairi inunuliwe: dereva, muuzaji, au sisi wenye mali?

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akapiga hesabu. Nasi tukae, tupige hesabu pamoja, mweka hazina na dereva wakiwa meza moja. Kisha dereva aende dukani na karatasi iliyoandikwa saizi, namba ya mzigo na aina tuliyokubaliana. Akiambiwa hakuna hiyo ila kuna nyingine nzuri zaidi, aage kwa heshima, aende duka la pili.