Uchaguzi wa Plagi kwa Injini ya Gari la Zamani

Katika injini ya petroli, kazi ya kuwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta imekabidhiwa kifaa kidogo kinachotosha kiganjani, nacho ni plagi. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya injini, na pengine ndiyo sababu watu wengi huinunua bila kuuliza jambo lolote ila kama itaingia katika tundu lake. Hata hivyo, plagi isiyofaa yaweza kutoboa pistoni. Kwa gari lililokwisha kuacha kutengenezwa kiwandani hasara hiyo ni kubwa, hasa likiwa mahali kama Murusagamba, wilayani Ngara, mbali na maduka makubwa ya vipuri.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani lenye injini ya silinda sita, ujazo wa sentimita za mchemraba 2,393 na kabureta mbili. Gari hili lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mtu aliyelitunza gari la namna hii hadi leo, akitaka kulipandisha kutoka Dar es Salaam hadi Murusagamba, hana budi kujiuliza: ni plagi ipi itakayofaa pwani na milimani pia?

Cheche na joto

Umeme wa betri ni volti 12 tu. Koili huukuza hadi kufikia maelfu mengi ya volti, ndipo uweze kuruka mwanya ulio kati ya elektrodi mbili za plagi na kutoa cheche. Injini ya mipigo minne inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa kila sekunde.

Ili idumu katika kazi hiyo, ncha ya plagi yapasa kuwa na joto la wastani. Ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi za Selsiasi, masizi hayaungui bali hujikusanya juu ya kaure inayozuia umeme. Kwa kuwa masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme, umeme hupita humo badala ya kuruka mwanya, na cheche hukosekana. Ikizidi nyuzi 850 hivi, ncha yenyewe huwa kama kaa la moto. Huwasha mafuta kabla cheche haijatoka, wakati pistoni ingali inapanda. Hapo ndipo pistoni huyeyuka na kutoboka.

Plagi “moto” na plagi “baridi”

Majina haya huwapotosha wengi. Plagi moto haitoi cheche yenye joto zaidi. Tofauti iko katika njia ya kupitishia joto. Mhunzi akishika chuma karibu na ncha iliyo motoni, joto humfikia mkononi upesi. Akikishika mbali, huchelewa. Vivyo hivyo, plagi baridi ina pua fupi ya kaure, na joto la ncha hukimbilia upesi katika kichwa cha injini. Plagi moto ina pua ndefu, kwa hiyo joto hukawia nchani. Injini inayofanya kazi nzito kwa mwendo wa kasi huhitaji plagi baridi zaidi. Ile ya safari fupi na za polepole huweza kuhitaji iliyo moto kidogo.

Mtego wa namba

Plagi inayotumika sana katika Datsun 240Z ni NGK yenye alama BP6ES. Herufi B yaonyesha kipenyo cha milimita 14. P, kwamba pua imejitokeza. 6, kiwango cha joto. E, kwamba sehemu yenye nyuzi ina urefu wa milimita 19. Na S, kwamba elektrodi ya kati ni ya kawaida yenye kiini cha shaba. Kwa NGK, namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion mambo ni kinyume: namba ikipanda plagi huwa moto zaidi. Kwa hiyo fundi anayebadili kampuni kwa kulinganisha namba peke yake aweza kuitia injini hatarini bila kujua. Ni lazima atumie jedwali la ulinganisho la watengenezaji.

Urefu nao una maana. Plagi ndefu kupita kiasi huweza kugongwa na pistoni. Iliyo fupi huificha cheche ndani ya tundu. Mwanya katika gari hili huwa kati ya milimita 0.8 na 0.9. Mwanya wa milimita 1.1, uliokusudiwa mifumo yenye umeme mkali zaidi, huweza kuilemea koili ya zamani, injini ikakatakata inapopanda mlima.

Mwinuko na vumbi

Mahali palipo na mwinuko wa mita 1,500, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ikilinganishwa na pwani. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hutoa mafuta mengi kuliko hewa hiyo nyepesi inavyohitaji, na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Vumbi likiziba chujio la hewa, hali huzidi kuwa mbaya.

Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka. Mwenye gari huona masizi, akanunua plagi moto zaidi. Masizi hupungua, naye hudhani ametibu ugonjwa. Kisha gari huteremka pwani, ambako hewa ni nzito, injini hupata nguvu zake zote, na mwendo ni wa kasi kwa saa nyingi. Joto la ncha hupita kiasi, na pistoni hulipa gharama. Tiba sahihi ilikuwa kusafisha chujio na kurekebisha kabureta, plagi ikabaki ile ile, kisha kabureta kurekebishwa tena kabla ya kurudi pwani.

Kusoma plagi

Plagi ni shahidi wa mambo ya ndani ya silinda. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili ya afya. Weusi mkavu waonyesha mafuta mengi mno au plagi baridi mno. Weusi wenye unyevu wa oili waonyesha kuchakaa kwa ringi au vali. Weupe wenye malengelenge ni onyo la joto kali: mafuta kidogo mno, cheche kutoka mapema mno, au plagi moto mno. Ikumbukwe kwamba petroli ya siku hizi haina madini ya risasi, hivyo rangi huwa hafifu kuliko vitabu vya zamani vinavyoeleza.

Kanuni hizi ni zile zile kwa pikipiki, ingawa plagi zake nyingi ni nyembamba, za milimita 10 au 12. Tena pikipiki yenye silinda moja huwa na plagi moja tu. Ikifa usiku, mgonjwa anayepelekwa hospitali hubaki njiani.

Mwalimu wa fizikia aweza kuomba gereji plagi mbili kuukuu, moja moto na moja baridi, wanafunzi wakapima urefu wa pua zake na kueleza ipi hupoa upesi na kwa nini. Anayelijua jibu hatachagua plagi kwa tundu lake tu.